Tulimwita Mbweha, Wakaja Basoda

Nilifukuzwa shule siku nane kwa sababu ya ng'ombe ambaye hakuwepo. Ilikuwa saa ya dictée, mwalimu anasoma sisi tunaandika, darasani kwetu Butembo. Mwalimu amefika mahali pa kusema "point, à la ligne", na mimi nikalia kama ng'ombe anayetafuta ndama wake. Nililia vizuri mno, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Ningelia vibaya, mwalimu angenichapa fimbo mbili tukaendelea. Lakini yeye aliweka kitabu chini, akafungua dirisha, akatoa kichwa nje na kuanza kufukuza: "Tsu! Tsu! Toka huko kwa maua!" Darasa zima likalalia madawati. Alipogeuka alikuwa ameshaelewa, na macho yake yalikuja moja kwa moja kwenye dawati la mwisho karibu na ukuta. Hakuuliza ni nani. Sifa zangu zilimfikia kabla yangu.

Baba alisoma karatasi ya direction, ofisi ya shule, mara mbili, kisha akaigeuza kuona kama nyuma kuna maneno ya kumfariji.

"Siku munane," akasema. "Juu ya ngombe."

"Na ngombe mwenyewe hakukuwa," mama akaongeza, kana kwamba ningefuga mmoja kweli ingekuwa afadhali. Akaamua niende kwa babu, upande wa Mutwanga, nikalime muhogo. "Kule utalia mupaka wanyama bakujibu."

Ilikuwa miaka ya vita. Vita gani, usiniulize. Kwetu zilikuja kwa zamu kama wageni wa harusi, wengine wanatoka wengine wanaingia, na wote wanauliza chakula. Makundi yaliitwa kwa herufi, herufi nyingi pamoja, na kila baada ya miezi kadhaa zinapanguliwa na kupangwa upya kama hesabu ya algèbre, isipokuwa kwamba hapa x alikuwa na bunduki. Nilipanda lori hadi Beni, nikalala kwa shangazi Mulekera, na asubuhi nikapanda pikipiki pamoja na mama mmoja, kuku zake nne na mfuko wa chumvi. Kwa kila barrière, pale askari, basoda kama tunavyowaita, wamekatiza kamba barabarani, tulishuka, tukatembea polepole mikono ikionekana, tukajibu tunatoka wapi, tukapanda tena. Tulipofika Mutwanga kuku zilikuwa tatu. Hakuna aliyeuliza.

Kijiji cha babu kiko pale mlima unapochoka na nyasi zinapoanza. Nyuma yako ni Ruwenzori, imejifunika mawingu kama mgonjwa. Mbele yako ni nyasi tupu, zinaenda, zinaenda, mpaka macho yanaomba kurudi nyumbani. Huko ndani ni parc, hifadhi ya wanyama, na ndani ya parc wanakaa mbweha. Mbweha wa kwetu ni mwembamba kama mbwa aliyeletewa habari mbaya, ana mstari mweupe ubavuni, na ncha ya mkia wake ni nyeupe vilevile, kama aliichovya kwenye unga. Parc ni yake, kijiji ni chetu, lakini yeye hakusoma carte ya mipaka. Anakuja alfajiri au jioni jua likiwa bado liko, anachukua kuku, anachukua katoto ka mbuzi, anarudi kwake bila haraka.

Kazi ya babu ilikuwa kumwita. Hakuwa na bunduki, maana mtu mwenye bunduki wakati ule aliulizwa na kila upande ni wa upande gani. Alikuwa na mkuki, mbwa mmoja, na mdomo. Alikaa kwenye nyasi, upepo ukimpiga usoni, akalia kama katoto ka mbuzi kalikoshikwa mguu. Mbweha akisikia hivyo anajua meza imeandaliwa. Anakuja. Babu anatupa mkuki. Miaka arobaini alifanya hivyo, na mtu yeyote mwenye mbuzi alimsalimu kwa mikono miwili.

Kisha meno yakaondoka.

Babu hupenda kusema vita ilimtoa meno, na mgeni akisikia hivyo anamwonea huruma, anafikiri ni risasi. Ni tshukudu. Siku moja watu wa Beni walikimbia, babu alikuwa amekwenda kuuza maharagwe, akaruka juu ya tshukudu ya mtu mwingine, ile baiskeli ya miti isiyo na pedali wala huruma, akaiachia mteremko. Mwisho wa mteremko kulikuwa na lori. Lori lilikuwa limesimama. Meno matatu ya juu na mawili ya chini yalibaki pale, na babu akaendelea kukimbia kwa miguu.

Kijiji kizima kilijua meno yamekwenda. Kitu ambacho hakuna aliyejua ni kwamba mwito ulikwenda nayo.

Nilipofika, nilimkuta ameshajifunga mwenyewe. Dimanche, Jumapili iliyopita, kanisani, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa alisimama. Huyu ni mtu mwenye suti ya kahawia na mbuzi nyingi kuliko wote, na mbweha alikuwa amemlia katoto ka tatu mwezi ule. Akasema kazi ya kuita imezeeka. Yeye amepata sumu Beni, ataitia katika nyama na kuitawanya kwenye nyasi, na mambo yataisha. Babu akasimama pia. Alisimama haraka, nadhani, kabla akili haijasimama naye.

"Nikamwambia mbele ya batu bote," babu alinisimulia, mkono mdomoni kama kawaida yake mpya, "mbele ya dimanche ingine naleta mukia ya mbweha. Nisipoleta, kazi ya kuita ni yake, na sumu yake aitupe fasi anataka."

"Na utaleta?"

Alimwangalia mbwa. Mbwa wa babu alikuwa mzee, sikio moja, na hakukuwa na kitu asichokula. Alikula sabuni. Alikula kitabu cha nyimbo, kurasa za Pasaka zote. Siku niliyoweka kandambili zangu nje alikula moja na kuiacha nyingine, nafikiri kwa adabu. Sumu ikitupwa popote kati ya hapa na mto, wa kwanza kuipata hatakuwa mbweha. Ukimfunga? Alikula kamba.

Jioni ile, tukiwa tunakula ugali wa muhogo na sombe ya majani yake, babu aliangalia mlango, akaufunga, akasema: "Sikiliza." Akaweka midomo juu ya mgongo wa kiganja chake na kuita.

Wacha niseme ukweli kwa heshima yote. Ilikuwa sauti ya tairi ya pikipiki inayotoa upepo. Ilianza "ffff", ikapita mahali fulani penye mate, ikaishia "yuuu", kwa huzuni. Mimi nilicheka hadi sombe ikanipitia puani. Babu alinipiga mwiko kichwani, mara moja, bila hasira, kama mtu anayetimiza kazi.

"Weye," akasema, "shule ilikufukuza juu ya nini?"

Nikamwambia.

"Na mbuzi unajua?"

Nilifuta pua, nikaweka kiganja mdomoni na kulia kama katoto ka mbuzi kenye mguu kwenye mtego. Mbwa aliamka. Babu aliangalia mlango tena. Kisha akasema, sauti ya chini, "Basi mimi nitakaa mbele. Weye utakaa nyuma yangu, mu nyasi. Na mutu asijue. Umesikia? Hata mama yako."

Nilisikia. Mimi mtu ambaye siri kwangu hukaa kama maji kwenye kikapu, nilisikia.

Siku tatu alinifundisha, kwenye shamba la muhogo, huku nikilima kweli, maana babu hakuwa mtu wa kupoteza mkono wa bure. Alinifundisha kukaa upepo ukiniingia machoni, kwa sababu mbweha haamini masikio peke yake. Atazunguka nyuma kukunusa kwanza, kama mwalimu anayenusa kama ulivuta. Alinifundisha kujipaka mavi ya mbuzi mikononi. Alinifundisha hasa kunyamaza.

"Ita kidogo, nyamaza mingi. Mbweha iko kama muchumba. Ukimuita sana anajua uko na shida."

"Babu, wachumba wangapi uliwaita?"

"Moja. Na nilinyamaza mwaka muzima."

Samedi, yaani Jumamosi, mchana tukaenda. Babu alitangulia na mkuki, mimi nyuma na viazi vitamu vya kuchemsha katika mfuko, mbwa katikati. Mbwa alivaa kengele ya mti shingoni, ya wawindaji, na babu alikuwa ameijaza nyasi isilie. Tulipita katikati ya kijiji makusudi, ili watu waone. Mzee wa kanisa alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake.

"Na huyu mutoto wa Butembo anaenda kufanya nini?"

"Kubeba mukia," babu akasema.

Tulitembea karibu nusu saa hadi kwenye kilima kidogo. Si kilima cha kujisifu, ni nyasi zilizojiinua kidogo tu. Mbele yetu uwanda wote ulikuwa wazi, hakuna mti hadi mto. Upande wa kushoto, chini, kulikuwa na korongo lenye kijito, limefunikwa na vichaka. Barabara na barrière ya basoda vilikuwa nyuma ya kilima, mbali. Babu alikaa mbele, mkuki magotini, kichwa juu, kama picha ya mwindaji. Mimi nililala nyuma ya mgongo wake, na mbwa akalala nyuma yangu, juu ya miguu yangu.

"Haya," babu akanong'ona.

Nikalia. Mara moja, fupi, kama katoto kanakoshangaa tu. Tukanyamaza. Nyasi zilikwenda huku na huku. Nikalia tena, kwa maumivu kidogo. Tukanyamaza. Hakuna kitu.

Ya tatu ilitakiwa iwe ndogo vilevile. Lakini nilikuwa nimetulia siku tatu nzima, na mtu wa aina yangu akitulia siku tatu kitu kinajaa ndani. Nilivuta pumzi hadi tumboni nikamuua yule mbuzi. Nilimuua polepole. Nilimfanya aite mama yake, apigwe, aanguke, ainuke, aite tena, akorome kidogo mwishoni. Mimi mwenyewe nilimhurumia.

"Inatosha," babu alisema kwa meno ambayo hakuwa nayo. "Ulikuwa mbuzi ao ulikuwa fanfare ya matarumbeta?"

Hapo ndipo nilipoona watu.

Huko kijijini, mbali, wadogo kama njugu, watu walikuwa wanakimbia. Hawakupiga kelele. Wanawake, watoto, wazee, na mbele yao mbuzi, mbuzi za kijiji kizima, wanateremka moja kwa moja hadi kwenye korongo lile la kushoto kwetu. Suti ya kahawia niliitambua. Ilikuwa inakimbia vizuri kuliko zote.

Inabidi nieleze. Kwa miaka ile, mbuzi aliyelia nje ya saa yake, porini, alikuwa na maana moja tu: basoda wameanza kukamata mbuzi za watu. Hakuna aliyengoja kuulizwa. Hakuna aliyepiga ngoma wala filimbi, maana ngoma na filimbi basoda nao wanasikia. Mbuzi wa kwanza kulia ndiye alikuwa kengele ya wengine. Ukimsikia, unachukua zako, unashuka korongoni, unakaa, na kila mtu anashika kinywa cha mnyama wake mpaka giza.

Na sisi wawili tulijua hivyo! Mimi nilisahau kwa sababu mimi ni wa Butembo, kwetu kengele ni milango ya maduka ikishuka. Lakini babu? Babu hakuwa na haja ya kukumbuka. Miaka arobaini watu walijua mwito wake. Mwishoni ulikuwa na ufa mdogo, wakisikia ufa wanasema ni yule mzee, wanaendelea kukata mboga. Wangu haukuwa na ufa. Wangu ulikuwa mbuzi.

"Mungu wangu," babu akasema. "Umekimbiza kijiji."

Halafu korongo likajibu. "Meee," mbuzi jike mmoja, kutoka vichakani. Kisha wa pili. Kisha kama sita pamoja, wamama wote, wanamtafuta mtoto anayekufa huku juu. Walifuatana, kisha wakakatika mmoja mmoja, kadiri mikono ilivyowafikia vinywani.

"Nyamaza," babu akasema.

"Nimenyamaza."

"Nyamaza tena."

Nilikuwa bado nanyamaza tena wakati mbwa alipoinua kichwa. Nikageuka. Kilima nyuma yetu kilikuwa kinapandwa na watu wanne wenye bunduki, wanatembea haraka, kwa furaha, mwendo wa watu ambao sufuria yao iko tayari motoni.

Kiongozi wao alivaa lunettes, miwani ya jua yenye kioo kimoja. Wa mwisho alikuwa mdogo, kadogo kama walivyoitwa basoda watoto, bunduki ikimzidi. Shuleni angekaa dawati la mbele yangu. Walisimama juu yetu. Kiongozi aliangalia nyasi kulia, akaangalia kushoto.

"Mbuzi iko wapi?"

"Mbuzi gani, chef?" babu aliuliza, akiinuka.

"Papa, usinicheze. Tulisikia mbuzi. Ya kidogo. Ilikuwa nalia vibaya."

"Ilikuwa mimi."

Kioo kimoja kilimwangalia babu tangu miguu hadi mvi.

"Weye njo mbuzi?"

"Ninaita mbweha, chef. Nalia kama katoto ya mbuzi. Mbweha anasikia, anakuya, ninamutoboa na mukuki."

"Mutu muzima," mmoja wao alisema. "Na mvi yote ile."

"Njo kazi yangu."

"Kama njo kazi yako," kiongozi akasema, akiketi juu ya jiwe, "lia tusikie. Ukikosa, utatuonesha fasi mumeificha. Na huyu mutoto ataenda na sisi kukamata kamba ya barrière."

Mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshasogea nyuma ya mgongo wa babu, mdomo wazi, pumzi imejaa. Hii ingekuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Babu angefungua mdomo tu, mimi ningelia, basoda wangeamini, tungekwenda nyumbani. Nakumbuka hata nilichagua mbuzi: jike, mweusi, wa wiki mbili.

Babu alirudi nyuma hatua moja na kunikanyaga. Si kwa bahati mbaya. Kisigino chake kilitafuta vidole vyangu, kikavipata, kikakaa juu yake. Na nikakumbuka korongo. Hatua mia mbili chini yetu, kila mama wa mbuzi wa kijiji kile alikuwa amesimamisha masikio, na kinywa chake kimeshikwa na mkono ambao umeshachoka. Mbuzi wangu mweusi wa wiki mbili akilia mara moja tu, wangeruka wote kujibu, na basoda hawa wangeteremka na kuchagua kama sokoni.

Kwa hiyo mimi sikulia. Na babu alijua kwamba chini kule, pamoja na mbuzi, kuna watu, na watu wana masikio, na suti ya kahawia iko kati yao.

Aliweka kiganja mdomoni.

"Fffffyuuuu."

Kilima kikanyamaza. Hata nyasi, nafikiri. Kisha kadogo akatoa sauti puani, akajaribu kuirudisha, ikamshinda. Alicheka akaanguka magotini, bunduki ikamgonga kichwa, akacheka zaidi. Wengine wakafuata.

"Koko! Lisusu!" wakapiga kelele kwa Lingala. Tena, babu, tena!

Babu akafanya tena. "Fffyuuu." Alifanya mara tano, mgongo umenyooka, uso kama anaimba cantique ya kanisa. Mara ya nne mate yalimwendea kiongozi kwenye kile kioo kimoja, akakifuta, naye pia akaanza kucheka, bila kupenda. Kutoka korongoni hakukutoka hata kikohozi. Mbuzi gani angejibu kitu kile? Wangesema ni tairi.

Lakini kiongozi alikuwa na akili, na akili ilimrudia.

"Hapana," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa mbuzi ya kweli." Akageuka kwangu. "Na weye? Unajua kulia?"

"Mimi ni mwanafunzi, chef. Najua kulia siku ya kupewa bulletin ya shule tu."

"Lia."

Kisigino bado kilikuwa juu ya vidole vyangu. Maisha yangu yote sikuwahi kufanya kitu kile vibaya makusudi. Nilimfikiria directeur wetu anavyosoma kitabu cha petits, watoto wa darasa la kwanza, kidole juu, lunettes chini, na nikasema, kama yeye: "Bêê."

Hawakucheka hata. Kadogo alikunja uso. "Huyu hapana mbuzi. Huyu ni klakisoni."

"Ile ya kwanza," babu alisema kwa upole, "ni juu ya mbali, chef. Upepo inatengeneza sauti. Na meno yangu ilikuwa haijachoka." Akafungua mdomo wazi kuonyesha uchovu wa meno yake, yale mapengo yote, ya juu na ya chini.

Wakacheka tena, na kicheko hicho ndicho kilituokoa, maana mtu akicheka mara mbili anaona aibu kupiga. Walichukua mfuko wa viazi vitamu. Kadogo alichukua mkuki wa babu, akaupima mkononi, akaona ni mrefu kuliko bunduki, akafurahi. Wakateremka kuelekea barrière, na tuliwasikia njia nzima, sauti nne, moja ikijaribu kupita nyingine: fyuuu, fyuuu, fyuuu.

Babu aliondoa kisigino.

"Vidole iko?"

"Iko, babu."

Ndipo mbwa aliponguruma. Juu ya kichuguu, upande wa kulia, hatua kama ishirini, alisimama mbweha. Mstari ubavuni, unga kwenye ncha ya mkia. Ameinamisha kichwa upande, anatuangalia kama mtu aliyefika kwenye karamu akakuta viti vimesharudishwa. Mkono wa babu ulikwenda magotini kutafuta mkuki, ukapapasa, ukakumbuka. Mbwa alifikiria kidogo kumkimbiza, kisha akanusa mahali mfuko wa viazi ulipokuwa. Mbweha akatungoja bado kidogo, kwa heshima, akageuka, akaenda zake kwenye nyasi.

"Umemuona?" babu akauliza.

"Nimemuona."

"Alikuya kwa sauti yako ao kwa yangu?"

Sikujua. Hata leo sijui. "Kwa yako, babu."

Kesho yake ilikuwa dimanche. Sikutaka kwenda. Babu alivaa shati jeupe, akanipa langu. Kanisa lilijaa, na wakati wa matangazo mzee wa kanisa alisimama. Suti yake ilikuwa na matope magotini, alama mbili za duara, na mkono wake wa kulia alikuwa ameufunga kitambaa kwa sababu mbuzi wake alimng'ata. Lakini neno lilisemwa mbele ya watu wote, hakuwa na la kufanya.

"Babu, tulisema leo. Mukia iko wapi?"

"Sina."

"Mbweha ulimuona?"

"Nilimuona. Alikuya kabisa."

Kutoka benchi la watoto, nyuma, mtu mmoja alisema kwa sauti ndogo sana: "Fyuuu."

Nilisikia benchi zikianza kutetemeka. Wamama walifunika midomo kwa vitenge. Pasteur aliangalia paa. Kisha ikawashinda, wakacheka wote, kanisa zima, na babu alisimama katikati ya kicheko kile, mkono wake ukipanda polepole kufunika mapengo. Mimi nilitaka kumpiga mtu. Nilitaka kusimama na kulia mbuzi hadi mabati yatoke.

Mjane mmoja, jirani yetu, mwenye mbuzi mmoja tu duniani, hakucheka. Alisimama upande wa wanawake.

"Mzee wa kanisa, samahani. Jana, wakati babu alikuwa analia vile, weye ulikuwa korongoni ao hapana?"

"Nilikuwa."

"Kinywa ya mbuzi ulikuwa umeshika?"

"Nilishika."

"Na kama ile sauti ya kwanza ingelia tena, ungeweza kushika ile kinywa?"

Mzee wa kanisa aliangalia mkono wake uliofungwa. Kicheko kilikuwa kimekwisha, watu walikuwa wanahesabu vitu vyao kichwani.

"Hapana," akasema. "Singeweza."

Babu akateremsha mkono wake. "Sauti yangu ilienda na meno," akasema, mdomo wazi kabisa, kila mtu aone. "Niliwaficha. Ile ya kwanza ilikuwa ya huyu mutoto."

Mimi nikasimama. Nilifikiri ni saa yangu. Nilitengeneza hata kola.

"Njo weye?" mjane akanigeukia. "Njo weye ulinikimbiza nikavunja chungu? Na maharagwe ndani?"

"Na mimi nikaingia mu muto na radio," mwingine akasema.

Pasteur alianzisha wimbo kabla sijauawa. Mzee wa kanisa aliimba akiwa amesimama vibaya, na ulipokwisha alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba ile sumu ya Beni itakaa katika kopo lake kwanza, mambo ya mbweha yatazungumzwa siku nyingine, na babu ndiye atakayeyazungumza. Kisha akaketi. Mimi nilipangiwa kufinyanga chungu, kazi ambayo siijui hadi leo, na siku zangu nane zilibaki mbili.

Nje, watoto walikuwa wameshakusanyika karibu na ukuta, kama kumi, wanafanya "fyuuu" wakianguka kwa kicheko. Niliokota jiwe. Babu alinipita, akaenda kwao moja kwa moja, nao wakanyamaza, wakajipanga tayari kukimbia.

"Hapana vile," babu akawaambia. "Meno inawazuia. Funika meno na midomo. Vile. Sasa toa upepo polepole, usikohoe. Mbweha anapenda kitu inakufa polepole."

Wakafunika meno na midomo, vizee kumi vidogo mstarini, wakapuliza. Mimi nilijaribu pia, nimesimama kando. Ilitoka mbuzi.

"Weye hapana," babu akasema bila kugeuka. "Weye meno ni mengi sana."